Tukikwama Nyanguge, Tumpigie Nani?

Cheni ya pikipiki hukatika kwa mlio mmoja, kama ufito mkavu uliovunjwa kwa goti. Baada ya hapo injini inanguruma bure, gurudumu la nyuma haliitiki, na abiria anauliza kwa upole, "Kaka, kuna nini?" Mko katikati ya Nyanguge na Magu, saa kumi na mbili na nusu jioni, jua linashuka nyuma yenu upande wa jiji. Malori ya Musoma yanapita kwa kishindo mpaka shati linapepea. Mkononi una simu yenye chaji na salio, na katika majina yote yaliyomo humo hakuna hata moja la mtu ambaye kazi yake ni kuja kukutoa pale.

Hilo ndilo linalotuuma, na tunaolisema ni wengi: vijana wa bodaboda wa Buhongwa, Igoma na Kisesa, akina mama wanaopakia dagaa pale Mwaloni Kirumba kuwahi mnada, mwalimu anayelala Nyegezi na kufundisha upande wa Misungwi, muuguzi wa zahanati, kijana anayeleta maziwa mjini alfajiri, na abiria wa kawaida ambaye hajawahi kushika usukani lakini ameshashushwa njiani mara zisizohesabika. Kuharibika kwenyewe hatukulalamikii. Chuma huchoka, tairi hukutana na msumari, na vilima vya Mabatini, Bugarika na Igogo vinakula klachi kuliko lami inavyokula tairi. Tunalalamikia kinachofuata. Katika mkoa ambao karibu kila kitu kinabebwa na pikipiki, kuanzia mgonjwa hadi bati za kuezekea, pikipiki ikifa njiani kila mtu anaanza upya kubuni namna ya kujiokoa, kana kwamba jambo hilo halijawahi kumpata mwingine.

Simu ya kwanza unampigia fundi wako. Yuko Nyakato, ana injini mbili zimefunguliwa chini, anakwambia umsubiri kidogo, na wewe unaijua hiyo kidogo. Simu ya pili unapiga kijiweni. Anayepokea anauliza uko wapi, ukimtajia Nyanguge anakaa kimya, maana kutoka Igoma mpaka hapo na kurudi ni mafuta ya nusu siku ya kazi, na nani atayalipa? Simu ya tatu, ile unayoiahirisha, ni ya mwenye pikipiki. Neno lake la kwanza ni "Umeifanyaje?" Hajauliza kama umeumia.

Na wakati wote huo abiria yupo, amesimama majanini na mzigo wake. Jioni moja mwenzetu alimpakia mama mmoja kutoka Kisesa akiwa na beseni la sato waliofunikwa barafu na gunia lililoloweshwa maji. Cheni ilipokatika, yule mama hakugomba. Aliinua gunia, akatazama barafu, akalirudisha. "Mwanangu," akasema, "hawa samaki ni wa mkopo. Barafu itaisha, deni halitaisha." Mwenzetu alimrudishia nauli yote, akamsimamishia pikipiki nyingine, akabaki peke yake na chuma. Lakini wapo wanaodai nusu nauli kwa kuwa wamekufikisha nusu ya safari, na wapo abiria wanaoondoka bila kulipa hata senti, na hatuwezi kuulaumu upande wowote. Basi likiharibika, msafirishaji anajua anawajibika kuwatafutia abiria usafiri mwingine au kuwarudishia nauli yao, na LATRA ipo ya kumsimamia. Kwetu sisi tunamalizana kwa kuoneana haya.

Sasa tuseme wazi namna tunavyotoka barabarani, kwa sababu wakubwa wanaopita na magari yenye vioo vyeusi huenda wakituona wanadhani tunacheza.

Tunasukumana kwa miguu. Mwenzako anakuja na pikipiki yake, anakaa nyuma yako kidogo, pembeni, ananyoosha mguu mmoja na kuukanyaga kwenye kikanyagio cha abiria cha pikipiki yako, kisha anavuta mafuta taratibu. Pikipiki mbili zinakwenda zikiwa zimeunganishwa na goti la mtu. Akitumia mguu wa kushoto, hawezi kubadili gia, maana gia iko mguu huo huo. Akitumia wa kulia, breki ya nyuma imebaki bila mtu. Akikaa upande wako wa kulia, mguu wake uko jirani na bomba lako la moshi, na yuko karibu na mstari wa katikati ambako mabasi yanatokea. Akikaa kushoto, kokoto za ukingoni zinamsubiri. Ninyi wawili hamna lugha nyingine isipokuwa kupiga kelele juu ya mlio wa injini yake: "Breki! Tuta! Taratibu!" Mteremko wa kuelekea mjini ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu pale anayesukumwa anakwenda kasi kuliko anayesukuma, na mguu unabaki hewani. Tumewazika watu kwa njia hii. Wengine wanatembea leo na nondo kwenye mfupa wa paja.

Wako wanaotumia kamba, na hapo ndipo tunapoomba vijana watusikilize. Chombo cha magurudumu manne kikivutwa kwa kamba, hata ikistuka namna gani, kitabaki kimesimama. Pikipiki inasimama kwa sababu mikono yako inausawazisha usukani kila nukta. Ukifunga kamba katikati ya usukani kwa fundo, umemkabidhi mwenzako usukani wako. Akikwepa shimo yeye, unaanguka wewe, na fundo halifunguki ukiwa chini unaburutwa. Wazee wa kazi hii hawafungi fundo kabisa. Wanazungusha kamba mara moja kwenye kikanyagio, wanaikanyaga kwa soli ya kiatu, na mambo yakiharibika wanainua mguu, kamba inajiondokea. Hilo tulifundishwa na watu waliojifunza kwa ngozi zao. Hakuna aliyelisikia kwenye mafunzo ya leseni, ambako tulionyeshwa alama za barabarani ukutani na kuambiwa tuvae kofia ngumu.

Njia ya salama ni kupakia. Guta au kirikuu inakuja, pikipiki inapandishwa ikiwa imesimama wima, gurudumu la mbele linakazwa kwenye kona ya bodi, na ubavuni inafungwa mipira pande zote mbili. Isilazwe, maana ikilazwa petroli inachuruzika na asidi ya betri inamwagika, na ukifika kwa fundi una matatizo mawili badala ya moja. Watu wanne wanatosha kuipandisha Boxer. Wawili wenye nguvu wanaweza, wakiwa na ubao. Ni kazi ya dakika 10, ya heshima kabisa, na wanaoifanya wanastahili kulipwa.

Tunachokataa ni bei inayopangwa kwa kumtazama mtu usoni. Mwenzetu mmoja klachi ilimfia Usagara. Kutoka pale hadi Buhongwa si mbali, ni njia moja iliyonyooka ya lami, na daladala zinakwenda na kurudi kutwa nzima. Wa kwanza mwenye kirikuu alitaka 35,000. Wa pili alipoona wa kwanza ameshakataliwa, akataka 40,000. Mwenzetu alikuwa na hesabu ya 10,000 kwa siku anayompelekea tajiri mwenye pikipiki, kwa hiyo aliombwa jasho la siku tatu na nusu kwa safari ambayo abiria angelipa sarafu chache. Aliisukuma. Alifika Buhongwa saa tano usiku, miguu imevimba, na asubuhi hakuweza kukanyaga kiki. Yule mwenye kirikuu hatumwiti mwizi. Alikuwa na mafuta yake, muda wake, na pengine mkopo wake. Lakini mbona mchanga una bei ya tripu, tofali lina bei, na maji ya dumu yana bei inayojulikana mtaa mzima, ila kuibeba pikipiki iliyokufa bei yake ni kiasi cha hofu uliyonayo?

Wakati mwingine unaokolewa na fundi wa njiani, yule aliyetundika tairi kuukuu mtini na kuandika PANCHA kwa chaki. Mungu awabariki hao. Wengi wetu tusingefika makwetu bila wao. Wanachoma kiraka, wanajaza upepo kwa pampu ya mguu, wanakata pini ya cheni kwa msumari na jiwe, na hawakuulizi una kiasi gani mpaka kazi iishe. Malalamiko yetu ni kwa wale wachache ambao ukiwaachia pikipiki ilale, ukirudi asubuhi kabureta si ile, betri si ile, na ukiuliza unaambiwa hukuiangalia vizuri jana. Ni kwa maduka yanayotuuzia plagi na klachi za bandia ndani ya boksi lenye nembo ya orijino kwa bei ya orijino. Spea ya namna hiyo haifi dukani. Inasubiri ikufikishe penye giza.

Giza nalo lina habari yake. Mtu anayesukuma pikipiki saa sita usiku, bila taa, akihema, anafanana kwa kila kitu na mtu aliyeiiba. Tumesimamishwa na walinzi wa mtaa, tumemulikwa tochi machoni, tumeulizwa kadi. Mwenye pikipiki ya mkataba hana kadi. Kadi halisi iko kabatini kwa tajiri, na yeye ana nakala iliyolowa jasho mpaka namba hazisomeki. Anampigia tajiri, simu imezimwa. Hapo usalama wako unategemea kama kuna mtu mmoja kati yao anayekufahamu kwa sura. Na hatuwalaumu walinzi, kwa sababu pikipiki zinaibwa kweli, na madereva wanauawa kweli na watu wanaojifanya abiria wa usiku. Ndiyo maana pia hakuna anayesimama ukimpungia. Huyo anayepita anakuogopa wewe, na wewe unamwogopa yeye akisimama.

Huku Usukuma tulikuwa na jibu la jambo linalofanana sana na hili, na wazee wetu bado wanalikumbuka. Sungusungu ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walikuwa wanaporwa na mtu hakuwa na wa kumwita. Wakakubaliana: mwano, lile yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume atoke. Kijiji cha kwanza kinafuata nyayo mpaka mpakani, kinakabidhi kwa kijiji cha pili, cha pili kwa cha tatu, mpaka ng'ombe wapatikane. Aliyebaki ndani alitozwa. Tunajua Sungusungu ilikuja kufanya na mambo mengine mazito ambayo si ya kuyasifia, na mahakama zilipata kazi kwa ajili yake. Lakini lile wazo la kukabidhiana njia, la kwamba shida ya mtu ikifika kwenye mpaka wako inakuwa yako, lilikuwa letu. Hakuna aliyetuletea. Kijana wa leo wa Magu hana ng'ombe. Mali yake ni pikipiki, na pengine ya mkopo. Ikilala njiani hapigi mwano. Anakaa juu ya jiwe na kuhesabu.

Anachohesabu ni hesabu ya tajiri. Pikipiki ya mkataba haina siku ya ugonjwa. Mkataba wa mwaka unasema kila siku ulete kiasi kadhaa mpaka pikipiki iwe yako, na mikataba mingi tuliyowekeana sahihi haina hata mstari mmoja unaosema ikiharibika itakuwaje. Nani analipa guta? Nani analipa fundi? Siku mbili ilizolala kwa fundi zinasogeza mwisho wa mkataba, au unazilipa? Yote yanaamuliwa kwa kupigiana simu, na mwenye kadi ndiye anayeshinda. Tunajua wenye pikipiki wema, wanaokuja wenyewe na gari kukuchukua na kukwambia, "Kapumzike, kesho tutaona." Wema wao ndio unaoonyesha kwamba mstari huo ungeweza kuandikwa.

Bima? Wengi wetu tuna bima ndogo, ile inayomlipa utakayemgonga. Ni lazima kisheria, na ni haki. Ila pikipiki yako ikikatika cheni Lamadi, stika ile haina la kukwambia. Bima kubwa ipo, na bei yake si ya mtu anayeishi kwa kutwa.

Kuhusu askari wa barabarani tuna neno moja. Tunashukuru kwamba bajeti ya mwaka 2021/22 ilipunguza faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Wengi walikuwa wanakimbia na kuitelekeza pikipiki kituoni kwa sababu faini tatu zilikuwa zinamaliza mtaji. Lakini aliyeharibikiwa hana kosa. Mmoja wetu alikutwa ameegesha pembeni ya lami, mikono imejaa grisi, cheni imelala juu ya gazeti, akaandikiwa kwamba ameegesha mahali pasipofaa. Alimwambia askari, "Afande, sikuchagua mahali." Ndiyo ukweli wenyewe. Tungependa siku moja afande asimame, awashe taa zake nyuma yetu ili malori yatuone, akae mpaka tumalize. Dakika 15 tu.

Hatuna kiakisi cha pembe tatu. Magari yanalazimika kubeba. Sisi tungekiweka wapi? Kwa hiyo tunafanya kama wenye malori wanavyofanya: tunavunja matawi na kuyatandaza barabarani, hatua kadhaa nyuma ya pikipiki. Anayefahamu barabara za Kanda ya Ziwa akiona majani mabichi juu ya lami anapunguza mwendo kabla hajauliza kuna nini. Ni lugha nzuri, haina gharama, kila mtu anaielewa mchana. Usiku mvua ikinyesha haionekani. Na tukiri hapa kosa letu wenyewe: tukishatengeneza, tunaondoka na kuyaacha matawi palepale, na anayekuja nyuma na pikipiki yake anayaparamia kwenye kona. Hilo tuache. Vilevile mshikaki tuache, na magunia matatu ya mkaa juu ya chombo kilichotengenezwa kubeba watu wawili. Cheni iliyokatika Nyanguge mara nyingi ilianza kukatika wiki tatu kabla, tulipoiona imelegea na kukauka, tukasema tutaipaka oili kesho.

Watu wanatuambia sasa kuna barabara nzuri na daraja, tunanung'unikia nini. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 tulishangilia pamoja na kila mtu. Kilomita 3 juu ya maji, dakika chache, badala ya kulala foleni ukisubiri kivuko huku mgonjwa analia. Hatutaki kurudi huko. Ila foleni ya kivuko ilikuwa na watu. Ukifika Kigongo pikipiki inakohoa, palikuwa na mtu wa spana, mtu wa pancha, mama wa chai, na muda wa kutosha wa kutengeneza kabla ya zamu yako. Sasa njia inapita moja kwa moja, wale watu wametawanyika kutafuta riziki kwingine, na pikipiki ikizima katikati ya daraja ni wewe, upepo wa ziwa, na kilomita moja na nusu ya kusukuma kwenda upande wowote utakaouchagua. Tulivyojenga njia ya kupita haraka, tungefikiria na aliyekwama juu yake.

Na si jambo geni duniani. Ujerumani wana chama kikubwa kuliko vyote barani Ulaya cha kuwasaidia waliokwama barabarani, ADAC, chenye wanachama zaidi ya milioni 20. Wengi wanakijua kwa magari ya njano. Lakini kilipoanzishwa Stuttgart mwaka 1903 kilikuwa chama cha wapanda pikipiki. Wenye magari walikuja baadaye, na jina la sasa likaja mwaka 1911. Kilipoanza kutuma mafundi barabarani mwaka 1928, mafundi hao walikuwa juu ya pikipiki zenye kidau cha pembeni kilichojaa spana. Watu kama sisi, wenye chombo kama chetu, waliochoka kusukuma. Walichanga ada, wakagawana njia, wakaweka mtu.

Tena hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Vuka tu Busisi uingie Sengerema. Mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, kisha ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama akizidiwa kijijini, inapigwa simu ya bure 115. Kuna mtu anayepokea, anauliza maswali yake, anatazama gari la wagonjwa liko wapi. Kama halipo, anampigia dereva wa karibu aliyeandikishwa, dereva anakwenda, na malipo yake yanaingia kwenye simu kwa kiwango kilichokubaliwa kabla. Hakuna anayepatana bei na mwanamke mwenye uchungu. Imewezekana hapa hapa, kwenye vijiji vyetu, kwa barabara zetu na simu zetu hizi hizi. Hatusemi pikipiki ni sawa na uhai wa mama. Tunasema tu kwamba kazi ya kumjua aliye karibu, kumtuma, na kumlipa bei isiyobadilika imeshafanyika, na walioifanya ni Watanzania wanaoweza kuulizwa waliifanyaje. Na mara ngapi ni pikipiki hiyo iliyokufa njiani ndiyo iliyokuwa imembeba mgonjwa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando?

Kwa hiyo madai yetu si makubwa. Halmashauri zinazotusajili na kutupangia vijiwe ziketi na viongozi wetu, wenye guta na wenye kirikuu, zipange bei ya kubeba pikipiki kwa kilomita, ya mchana na ya usiku, na bei hiyo ichorwe kwa rangi kwenye ubao wa kila kijiwe kama nauli inavyobandikwa kwenye daladala. Kila kijiwe cha barabara kuu, Buhongwa, Usagara, Misungwi, Kisesa, Nyanguge, Magu, Lamadi, kiwe na namba moja na mtu mmoja wa zamu, na mpaka wake ujulikane unaishia wapi na wa jirani unaanzia wapi. Mkataba wa pikipiki uwe na mstari wa kuharibika. Walinzi wa usiku wapewe hizo namba, ili wakimkuta mtu anasukuma, wapige kwanza kabla ya kunyanyua fimbo.

Kijiweni kwetu tumeanza, kwa udogo wetu. Kila mmoja anachanga 500 kwa siku. Tumenunua boksi la spana, pampu, cheni mbili, plagi nne na kamba ndefu isiyofungwa fundo. Vijana wawili wanashika zamu, na mwenye guta mmoja, baba mtu mzima aliyewahi kusukuma mwenyewe, amekubali bei moja kwetu mpaka Usagara, jua liwake au mvua inyeshe. Mwezi uliopita tuliwatoa wenzetu watano. Mmoja alilia, mtu mzima na ndevu zake, alipoona tumefika.

Lakini mpaka wetu unaishia Usagara. Juzi saa nne usiku simu ya zamu iliita. Alikuwa kijana tusiyemjua, namba alipewa na mtu aliyempa mtu. Alikuwa ng'ambo ya Nyanguge, karibu na daraja la Mto Simiyu, pikipiki imenoki, ana mdogo wake wa miaka 9 nyuma, na mvua imeanza. Tulimsikia mtoto akiuliza kitu pembeni. Kijana wetu wa zamu alitazama mafuta yaliyobaki kwenye guta, akamtazama mwenye guta, mwenye guta akatikisa kichwa. Tukaanza kupiga simu, mmoja Kisesa, mmoja Igoma, mmoja kwa shemeji yake anayekaa Magu, tukitafuta mtu anayemjua mtu Nyanguge. Mpaka saa sita tulikuwa bado tunapiga.